Utitiri kwenye nyanya: kwa nini dawa "kali" huwazidisha

Kiangazi kikikolea, swali moja hujirudia kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wa mboga, kuanzia Ilula mkoani Iringa hadi Mwea kule Kirinyaga: "Wadau, naomba mnisaidie dawa kali ya utitiri." Majibu humiminika. Mmoja hutaja dawa ya viwavi, mwingine ya ukungu, wa tatu hushauri dawa tatu zichanganywe kwenye bomba moja, na hakosekani wa kuapia sabuni ya unga. Wiki mbili baadaye muulizaji yuleyule hurudi na picha: majani yamegeuka rangi ya shaba, ncha za mimea zimefungwa utando, na lalamiko kwamba dawa aliyouziwa ni feki.

Dawa feki zipo, na ni wizi unaowamaliza watu mitaji. Lakini kwa utitiri, mara nyingi dawa huwa halali kabisa na bado ikashindwa, kwa sababu mkulima aliuliza ukali kabla ya kuuliza mambo matatu yenye uzito zaidi: dawa hii inaua kiumbe gani, inamuua akiwa katika hatua ipi ya maisha yake, na inatua wapi kwenye jani.

Tuanze na kiumbe mwenyewe

Utitiri ni wa ukoo wa buibui na kupe. Mpevu ana miguu minane, hana mabawa wala papasi, na urefu wake ni kama nusu milimita, yaani macho makali humwona kama nukta tu. Hilo la ukoo lina maana kubwa dukani, kwa sababu dawa nyingi za wadudu zilitengenezwa kwa ajili ya viwavi, vidukari na inzi weupe. Mwili wa utitiri ni mwingine, na sumu nyingi za viumbe hao hazimwui, au humgusa kidogo tu akaendelea na shughuli zake.

Kwenye mboga zetu wasumbufu wakubwa ni aina mbili. Wa kwanza ni utitiri mwekundu wa nyanya, kitaalamu Tetranychus evansi. Asili yake ni Amerika Kusini. Barani Afrika aliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979, na Kenya mwaka 2001. Huyu ndiye anayekausha nyanya, bilinganya na mnavu. Wa pili ni utitiri wa madoa mawili, Tetranychus urticae, mwenye rangi ya njano-kijani na doa jeusi kila ubavu. Yeye hachagui sana: maharage machanga, matango, hoho, tikiti, papai, hata waridi wa Naivasha.

Wote wawili hukaa zaidi upande wa chini wa jani. Hutoboa seli mojamoja na kunyonya kilichomo, na kila seli iliyonyonywa huacha kidoa cheupe unachokiona upande wa juu. Vidoa vikiwa vichache, wengi hudhani mbolea imepungua. Vikiungana na jani likawa rangi ya shaba, hudhani ni ukungu, wakanunua dawa ya ukungu na kupoteza wiki nzima.

Kipimo cha kuondoa ubishi hakigharimu kitu. Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya jani lenye vidoa, ligonge jani mara kadhaa kwa kidole, kisha tulia nusu dakika ukitazama. Vumbi litabaki pale lilipoangukia. Utitiri wataanza kutembea. Ukiwapitishia kidole na karatasi ikabaki na michirizi myekundu au ya kijani, jibu umelipata. Ukigeuza jani na kulitazama kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu, utaona pia mayai: vitone vya mviringo vinavyong'aa, vimetawanyika kando ya mishipa ya jani katikati ya maganda meupe ya waliojivua. Hayo mayai yakumbuke, kwa maana ndiyo yanayowaangusha wengi.

Yai huanguliwa na kutoa mtoto mwenye miguu sita, ambaye hupitia hatua mbili za ujana kabla ya kupevuka. Joto likifika nyuzi 30 hivi, safari yote kutoka yai hadi mpevu huchukua takriban wiki moja hadi mbili. Jike mmoja aweza kutaga mayai mia moja au zaidi. Tena hahitaji dume ili atage: mayai ambayo hayakurutubishwa hutoa madume, na jike aliyepeperushwa peke yake na upepo hadi shamba jipya anaweza kupandana na mwanawe na kuanzisha ukoo mzima. Ndiyo sababu kiangazi, chenye joto na vumbi na mimea yenye kiu, huwa msimu wao.

Jinsi dawa ya viwavi inavyolea utitiri

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote, na naomba msomaji avumilie nipaeleze kwa kirefu.

Katika shamba ambalo halijapuliziwa sana, utitiri huwa wapo, ila hawaonekani kuwa tatizo. Wanaliwa. Wapo utitiri wengine, wawindaji, wenye mbio na umbo la tone la maji, ambao chakula chao ni utitiri na mayai yao. Wapo mbawakawa weusi wadogo mno wa ukoo wa kidudu-koma, na kunguni wadogo wa maua. Mkulima hawaoni, kwa hiyo hajui kwamba anafanyiwa kazi.

Mwaka 2014 nyanya za Tanzania na Kenya zilivamiwa na kantangaze, kiwavi anayechimba majani na matunda. Hasara ilikuwa ya kutisha, na watu walipulizia chochote kilichopatikana: saipemethrini, lambda-sihalothrini, mchanganyiko wa profenofosi na saipemethrini, wengine mara mbili kwa wiki. Dawa hizi huua kwa mapana. Zinawafyeka wale wawindaji, nao huchukua muda mrefu kurudi. Utitiri wenyewe, waliokaa chini ya majani ndani ya utando wao, wengi hupona. Zaidi ya hapo, dawa za jamii ya saipemethrini huwaudhi utitiri bila kuwaua wote, wakahama na kusambaa kwenye majani na mimea ambayo walikuwa hawajaifikia. Imidaklopridi, inayotumika sana dhidi ya inzi weupe na vidukari, nayo ina lake: tafiti zimeonyesha majike wa utitiri wa madoa mawili waliopata dawa hiyo wakitaga mayai mengi kuliko wasioipata.

Kwa hiyo mkulima anayepulizia dawa ya viwavi, akaona utitiri wamezidi baada ya siku kumi, akaongeza dozi ya dawa ileile, hajakosea kuona. Wamezidi kweli. Ila dawa yake ndiyo iliyowafungulia njia, na kuongeza dozi ni kuwaondoa hata wawindaji wachache waliosalia. Mtu akiniambia, "Nimepiga dawa kali mara nne na utitiri wanaongezeka tu," jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kilichoandikwa kwenye chupa za hizo mara nne.

Dawa za utitiri ni zipi, na kila moja inafanya nini

Majina yafuatayo ni ya viambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi ndani ya chupa. Nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye lebo utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza. Jina kubwa la mbele ya chupa ni la biashara tu, na kemikali moja huuzwa kwa majina mengi.

Inayojulikana zaidi ni abamektini. Hutokana na bakteria wa udongo aliyegunduliwa Japani na Satoshi Ōmura, ambaye yeye na William Campbell walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa kazi iliyotuletea dawa ndugu ya hiyo, ivermektini, ile inayogawiwa vijijini dhidi ya usubi, matende na mabusha. Undugu huo usimdanganye mtu kufikiri abamektini ya shambani ni salama. Ikimezwa ni sumu kali kwa binadamu, na inaua nyuki na samaki. Kwa utitiri, sifa yake ni kwamba hupenya kutoka upande wa juu wa jani hadi ndani na kukaa humo, na huua wanaotembea na kula. Mayai haiyaui vya kutosha. Tena iliyobaki juu ya jani huharibiwa haraka na jua, ndiyo maana inapigwa jioni.

Sasa weka hilo karibu na yale mayai uliyoyaona kwa simu. Leo umepulizia abamektini, wapevu wamekufa, shamba limetulia, umefurahi. Kwenye joto, mayai yaliyobaki huanguliwa ndani ya siku chache. Siku ya nane utitiri wamejaa tena na unasema dawa haifai. Dawa ilifanya kazi yake yote. Kilichokosekana ni mpigo wa pili baada ya siku 5 hadi 7, kabla ya walioanguliwa kupevuka na kutaga, au dawa nyingine inayoshughulikia mayai.

Hizo nyingine zipo. Heksithiazoksi na klofentezini huua mayai na watoto, lakini mpevu haziwezi, kwa hiyo anayezipiga shamba likiwa limejaa wapevu ataona kama amepulizia maji. Zinafaa mwanzoni, utitiri wakiwa wachache. Spiromesifeni huvuruga utengenezaji wa mafuta mwilini. Hupiga mayai na watoto, na majike wapevu walioipata hupungukiwa na uwezo wa kuzaa. Kazi yake ni ya polepole, na asiyejua hilo huikatia tamaa siku ya tatu. Bifenazeti na fenpiroksimeti huangusha haraka wanaotembea, ila ni lazima dawa imguse utitiri mwenyewe.

Kisha kuna salfa, ile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaitumia dhidi ya ukungu uitwao ubwiriunga. Kwenye nyanya, salfa ya kuchanganya na maji husaidia dhidi ya utitiri na ukungu wa unga kwa pamoja, bei yake ni nafuu, na usugu dhidi yake si tatizo la kawaida. Ina masharti: isipigwe jua likiwa kali kwani huunguza majani, isikaribiane na dawa za mafuta kwa wiki mbili hivi, na kwenye matango na jamii yake ijaribiwe kwanza kwenye mimea michache.

Kuna moja ya kukataa moja kwa moja. Dikofoli ilikuwa dawa maarufu ya utitiri kwa miaka mingi. Mwaka 2019 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa kutokomeza kemikali sumu zinazodumu katika mazingira. Ukiiona dukani, iache hapohapo.

Namba ndogo kwenye lebo

Utitiri wa madoa mawili ameripotiwa duniani kuwa sugu kwa viambato zaidi ya 90. Wachache sana kati ya wadudu na jamaa zao wamefikia hapo. Usugu hauanzi kwa utitiri mmoja kuizoea dawa. Katika maelfu waliomo shambani, wachache wamezaliwa na tofauti inayowaokoa. Unapopulizia, wengine wanakufa na wale wachache wanabaki kuzaa. Madume, kwa kuwa hutokana na mayai yasiyorutubishwa, wana seti moja tu ya vinasaba, hivyo mwenye usugu huuonyesha mara moja na kuupitisha kwa binti zake wote. Vizazi vikipishana kila wiki mbili, msimu mmoja wa nyanya unatosha kulibadilisha shamba.

Kinga ni kubadilisha kundi la dawa, na kundi ni namba iliyochapwa kwenye lebo, mara nyingi karibu na herufi IRAC, kifupi cha kamati ya kimataifa inayozipanga dawa kwa jinsi zinavyoua. Abamektini ni kundi la 6. Heksithiazoksi na klofentezini zote ni kundi la 10. Bifenazeti ni 20, fenpiroksimeti 21, spiromesifeni 23. Chupa ikisomeka "Abamectin 18 g/l EC", ujue ni gramu 18 za kemikali kwa kila lita, kundi la 6, hata kama picha ya mbele ni ya nyanya, ya waridi au ya simba. Aliyepulizia chupa tatu zenye majina matatu ya biashara, zote abamektini, hajabadilisha dawa hata mara moja.

Na kuna mtego ambao maduka machache humweleza mteja. Emamektini benzoeti, inayopendwa sana kwa kantangaze, nayo ni kundi la 6. Mkulima anayepiga emamektini kila wiki kwa ajili ya kiwavi amekuwa akiwachuja utitiri wake kwa kundi hilohilo bila kukusudia, halafu siku utitiri wanapozidi ananunua abamektini na kushangaa mbona hawaanguki. Upangaji wa dawa za shamba moja uwe mmoja, kiwavi na utitiri wahesabiwe pamoja.

Namba nyingine ya kusoma ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hutofautiana kati ya dawa na dawa, na kwa nyanya zinazochumwa kila baada ya siku chache zina uzito wa pekee. Dawa zenye siku nyingi zitumike kabla ya matunda kuiva. Mavuno yakishaanza, chagua zenye siku chache au salfa. Familia itakayokula nyanya hiyo Kariakoo haina namna ya kujua ulipulizia lini. Hakikisha pia dawa imesajiliwa na kwamba zao lako limetajwa kwenye lebo. Kwa Tanzania usajili ni wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; kwa Kenya ni PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu.

Dawa itue waliko

Simama pembeni ya shamba umtazame anayepulizia. Mara nyingi lansi inaelekea chini, anatembea haraka, na majani ya juu yanang'aa kwa maji. Huko ni kumwagia maji paa la nyumba ukitegemea kumlowesha aliyelala ndani. Kwa dawa zinazoua kwa kugusa, kazi hiyo yote ni bure.

Nozeli igeuzwe ielekee juu, ipite chini ya majani, ianzie kwenye majani ya chini kabisa ambako utitiri wengi huanzia. Nyanya zilizofungwa kwenye vijiti na kupunguzwa machipukizi hupulizika vizuri. Zilizolala chini zikasongamana, karibu haiwezekani. Mmea ukikua, maji yaongezeke. Baada ya kupita, geuza majani kadhaa: kama upande wa chini ni mkavu, hujapulizia.

Kipimo nacho kina kosa dogo linalorudiwa sana. Mabomba mengi ni ya lita 16 au 20. Lebo ikisema mililita 10 kwa lita 20, bomba la lita 16 linataka mililita 8. Kizibo cha chupa si kipimo. Nunua bomba la sindano la duka la dawa. Kuzidisha dozi huunguza majani, hurefusha mabaki ya sumu kwenye tunda, na kwa wale utitiri wachache walio sugu hakubadilishi kitu. Kupunguza ili dawa ifike mbali kunawaacha hai hata wale ambao wangekufa. Kuchanganya dawa tatu bila kujua zinavyopatana kunaweza kuzigandisha ndani ya bomba. Mwenye kupulizia avae glavu, barakoa, buti na nguo za mikono mirefu, ajue upepo unatoka wapi, na afanye kazi jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani.

Sabuni ya unga ya kufulia inaunguza majani. Sabuni laini ya maji iliyochanganywa hafifu, au mafuta ya mwarobaini, vinaweza kusaidia utitiri wakiwa wachache, kwa sharti lilelile la kulowesha chini ya jani na kurudia.

Kabla na baada ya bomba

Utitiri mwekundu wa nyanya ana uwezo wa kudhoofisha kinga ya mmea anaoula, na utando wake mzito huwazuia wawindaji wengi. Hata utitiri mwindaji Phytoseiulus persimilis, anayefanya kazi nzuri kwenye mabanda ya maua Kenya, hamtaki sana huyu. Watafiti waliofika hadi Brazil kutafuta adui wake wa asili walimkuta mwindaji mwingine, Phytoseiulus longipes, anayemla bila shida. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, Nairobi, nayo imetoa aina ya kuvu, ICIPE 78, inayowaambukiza utitiri na kuwaua, na Kenya inauzwa kama dawa. Kwa mkulima mwenye uwezo wa kuipata, ni njia ya kupumzisha kemikali.

Kwa wengine wote, kazi kubwa ni ya mikono. Kagua miche kabla ya kuihamisha kutoka kitaluni. Tembelea shamba mara mbili kwa wiki na karatasi yako nyeupe, ukianzia kingo zinazopakana na barabara ya vumbi na shamba la jirani lililozeeka. Ukikuta kiini kidogo cha utitiri, ng'oa majani yaliyoathirika ukiyatia kwenye mfuko palepale, upulizie eneo hilo na pembezoni mwake, na uiache sehemu iliyobaki ya shamba kwa wawindaji. Sehemu yenye utitiri iingie mwisho katika mzunguko wa siku, maana husafiri kwenye nguo. Mwagilia vya kutosha, na usizidishe urea, kwa sababu majani yenye naitrojeni nyingi huwanenepesha.

Mchumo wa mwisho ukiisha, usiyaache mashina yakauke yenyewe kwa mwezi mzima ukisubiri trekta. Utitiri wote waliobaki humo watapanda hadi ncha za matawi na kuondoka na upepo. Ng'oa na choma au fukia wiki hiyohiyo, pamoja na mnavu pori ulioota kingoni, na ukubaliane na jirani afanye vivyo hivyo kabla miche mipya ya upande wowote haijatoka kitaluni.